Soksi Iliyoingia Duarani

Droo ya chini ya kabati ilikuwa na tabia ya kukwama. Anayeivuta lazima aiinue kidogo kwanza, la sivyo inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Gizani, kabla hata majirani hawajaanza kukohoa, Mama Kinda aliisikia ikilia mara moja, kisha kimya, kisha mtu akashusha pumzi. Hakufungua macho. Alijua ni mumewe, ambaye siku za mazoezi huvaa gizani ili asiwaamshe. Anatafuta soksi, alijiambia, akageukia ukutani. Na kweli mumewe alikuwa anatafuta soksi.

Kulipokucha, mtoto alikuwa amekaa sakafuni mbele ya droo iliyo wazi. Nguo zote alikuwa amezitoa na kuzipanga pembeni, fulana juu ya fulana, kola zote upande mmoja. Mama yake ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, na Kinda alijua kukunja shati kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Siku nyingine unadhifu ule ungemchekesha mama. Asubuhi hiyo ulimtia baridi. Mtoto aliinua mkono wa kulia, akavikutanisha vidole na gumba mfano wa mdomo, akavifungua na kuvifunga. Hakukutoka sauti.

“Kisigino hayumo?” mama aliuliza.

Mtoto akatikisa kichwa.

Kisigino alikuwa soksi. Alikuwa soksi ya kijivu ya baba mtu, yenye kisigino chekundu, ambayo mwenzake alipotea zamani huko wanakopotelea wenza wa soksi. Mama Kinda alimshonea vifungo viwili vilivyookotwa chini ya meza ya pasi, kimoja cheupe cha shati na kingine cha kahawia cha koti, kwa hiyo jicho lake moja lilikuwa kubwa na lenye mshangao, na la pili dogo, lenye kutaka kujua mengi. Ukiingiza mkono, gumba likakaa kisiginoni, kile chekundu kinakuwa taya la chini. Na Kisigino alikuwa anaongea. Hapo ndipo penye jambo lenyewe, kwa sababu Kinda alikuwa haongei.

Aliongea zamani, kwa kigugumizi. Kisha mwalimu wa chekechea akamsimamisha juu ya kiti amalizie neno mbele ya wenzake, wenzake wakamsaidia kulimalizia kwa kucheka, na mtoto akaufunga mdomo kama mtu anavyofunga duka lililofilisika. Kwanza aliufunga huko shule, halafu kwa majirani, mwishowe hata nyumbani. Daktari alisema ulimi mzima, masikio mazima, msimlazimishe. Hawakumlazimisha. Ila jioni moja mama, akiwa anatafuta soksi ya pili, aliingiza mkono katika ile ya kwanza na kuifanya iulize kwa masikitiko nani kamwona ndugu yake. Kinda aliitazama muda mrefu. Akaivua kutoka mkono wa mama, akaivaa yeye, na soksi ikajijibu yenyewe, kwa kigugumizi kilekile, kwamba ndugu yake k-kaenda kazini.

Tangu siku hiyo nyumba ilipata mtu wa nne wa kuzungumza naye. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa na ulimi wa kukata kamba, alibishana na Kisigino kuhusu mvua, kuhusu chumvi, kuhusu nani kakalia miwani yake. Kila mmoja alikuwa akijifunza kwa mwenzake: bibi alijifunza kungoja neno mpaka lifike, mama alijifunza kutotazama mdomo wa mtoto bali vifungo vya soksi, na mtoto, mara mbili wiki iliyopita, aliteremsha mkono katikati ya sentensi na kuimalizia kwa mdomo wake mwenyewe. Mama Kinda alikwenda msalani kulia, kisha akarudi kana kwamba hakuna lililotokea.

Ilikuwa lazima pasitokee kitu cha kumshtua mtoto, maana Jumatatu inayokuja mtoto alitakiwa mbele ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba mtoto asiyeweza kujibu kwa sauti yake hana nafasi pale, atapelekwa shule ya mbali, ng'ambo ya mji, ya kulala hukohuko. “Hata sentensi moja,” alisema. “Tumsikie tu.”

Asubuhi hiyo bibi alichungulia chumbani, akaiona droo, akaona mkono wa mjukuu wake unaofumba na kufumbua.

“Huyo mwanangu,” alisema, “ndiye aliyemchukua. Nimemsikia. Nikadhani leo kaamua kwenda kazini na soksi safi.”

*

Mume wa Mama Kinda alikuwa mchezesha vikaragosi katika kikundi cha sanaa, watu watano na ukumbi wa kukodi wenye paa linalovuja. Zamani kikundi kile hakikuwa na utaratibu wowote. Watu walikaa kwenye ngazi za ukumbi, huyu anashona, yule anachonga kichwa cha mbao, wakibishana mchezo wao umalizike vipi, wakitukanana kwa mapenzi. Mpiga ngoma alimfundisha fundi nguo kuhesabu mapigo, fundi nguo akamfundisha mpiga ngoma kushona kifungo, na hakuna aliyejua kwamba anafundishwa.

Kisha akaletwa Mratibu. Alikuja na tabasamu, kalamu za rangi na cheti cha semina, na siku ya kwanza akatangaza kwamba kikundi kina upungufu mkubwa wa mazungumzo. Akaanzisha Duara. Viti vilipangwa mviringo, kanuni zikabandikwa ukutani. Ya kwanza, hakuna wazo baya. Ya pili, anayeongea ni mwenye jiwe. Ya tatu, kinachoingia duarani ni cha wote. Jiwe lenyewe lilikuwa la mtoni, laini, la ukubwa wa ngumi, na lilizunguka kutoka mkono hadi mkono mpaka limfikie Mratibu, ambako lilipumzika kwa muda mrefu. Alieleza kuhusu kusikilizana. Walimsikiliza. Tangu walipoanza kuhimizwa wazungumze, watu wale hawakuzungumza tena.

Jioni ile mume alirudi na uso wa mtu aliyesifiwa.

“Wamempenda,” alisema, kiatu kimoja bado mguuni.

“Nani kampenda nani?” mkewe aliuliza.

Akaeleza. Alieleza kwa haraka, kama anayekimbizana na sura ya mkewe. Katika maduara matatu yaliyopita jiwe lilimfikia akalipitisha bila neno, na kila mara Mratibu alitabasamu na kusema mwenzetu bado anaiva, na wenzake wakacheka kile kicheko cha upole ambacho ni heri mtu akuzabe kofi. Kisha ikasemwa, kwa upole uleule, kwamba asiyekuwa na cha kushirikisha huenda hana haja ya kusafiri na kikundi msimu ujao. Angefanya nini? Alikuwa na kitu kimoja tu kizuri maishani mwake, nacho kilikuwa kwenye droo ya chini. Alikichukua akionyeshe, basi. Aliwasimulia habari za ndugu aliyekwenda kazini, na kigugumizi, na jinsi neno linavyongojwa. Mpiga ngoma alifuta macho. Mratibu alisimama akamkumbatia mbele ya watu.

“Vizuri,” alisema Mama Kinda. “Yuko wapi?”

“Ukumbini.”

“Umemsahau?”

“Sikumsahau.” Alivua kiatu cha pili, akakitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa humo. “Ameingia duarani.”

“Na akishaingia, anatokaje?”

“Hatoki, Mama Kinda. Ndiyo kanuni. Kinachoingia ni cha wote.”

Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko na kitambaa cha vyombo begani. Alisema kama ni hivyo, kesho mwanawe ampeleke na yeye huko, awe wa wote, maana amechoka kuwa wa hawa wawili tu.

Mume hakucheka. Alisema hawaelewi, hii ndiyo bahati waliyoingoja. Mratibu ameutupilia mbali mchezo wote wa zamani. Jumamosi kutakuwa na onyesho la watoto, jipya, na Kisigino ndiye atakayekuwa katikati. Na jina lake yeye, baba, litatajwa.

“Litatajwa vipi?”

“Pamoja na ya wenzangu.”

Akamwita mtoto, akapiga magoti, akamwambia Kisigino sasa anakuwa mtu maarufu, atapandishwa jukwaani, watu watampigia makofi. Kinda alimtazama mdomo. Kisha akaliendea begi la baba yake, akafungua zipu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa pembe zote. Alipomaliza alifunga zipu taratibu, kwa adabu, kama mgeni aliyeambiwa mwenye nyumba hayupo.

*

Mama Kinda hakukaa mikono mitupu. Duka la dobi lina kikapu kizima cha soksi zisizo na wenyewe, na siku iliyofuata alirudi na moja ya kijivu. Alitia rangi nyekundu kisiginoni, akashona vifungo, kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Akaivaa na kuifanya iseme, kwa sauti ya zamani, kwamba nimerudi.

Kinda aliipokea. Aliivua mkononi mwa mama, akaigeuza, akainusa. Kisha akailaza gotini, akaikunja mara mbili kama inavyokunjwa soksi yoyote ya mteja, na kuiweka kwenye droo.

“Mtoto si mjinga,” bibi alisema. “Hata mimi babu yake alipofariki mliniletea paka.”

Kufikia Alhamisi hata ule mdomo wa vidole aliuacha. Alikula alipopewa, alilala alipolazwa. Ukimuuliza aliangalia pembeni kwa subira, kama mtu mzima anayengoja wengine wamalize maneno yao ya bure. Mama Kinda alimwambia mumewe neno moja: akamlete. Mume aliondoka na ahadi, akarudi bila soksi.

Alimwomba Mratibu, alisema, kweli alimwomba. Alimwambia soksi ile ni yake, mtoto anaihitaji. Mratibu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimshika bega, akamtazama kwa macho ya huruma, akamuuliza, “Kaka, unahisi nini hasa unaposema neno ‘yangu’?”

“Ukamjibu nini?” mkewe aliuliza.

Mume alikuwa akikwangua rangi kavu kwenye ukucha. “Sikujua ninahisi nini,” alisema.

Mama Kinda aliutazama ule ukucha. Alimpenda mwanaume huyu kwa sababu aliweza kukifanya kijiko kicheke na kitana kilie, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba mtu anayeweza kukisemea kila kitu atakosa kujisemea mwenyewe.

*

Ijumaa, saa ya mapumziko, alikwenda ukumbini na aproni yake ya kazi, akinuka wanga na mvuke. Hakujua kwamba wako duarani. Viti sita, vichwa sita, ukimya wa watu wanaoonekana wakifikiri. Mratibu alikuwa na jiwe mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa na Kisigino.

Kwanza hakumtambua. Vifungo vyake vilikuwa vimeng'olewa. Badala yake kulikuwa na macho mawili makubwa ya plastiki, meupe, sawasawa, yenye mboni zinazochezacheza, ili watu wa viti vya nyuma waone. Alikuwa ametiwa nywele za sufi. Jicho lililotaka kujua mengi halikuwepo.

“Karibu sana, dada,” alisema Mratibu. “Duara letu halina mlango.”

Mama Kinda alisema amekuja kuchukua soksi ya mtoto wake. Alilisema hapo mlangoni, bila salamu wala maelezo, neno fupi la mtu mwenye kazi inayomngoja. Mratibu aliitikia kwa kichwa, akaomba aletewe kiti. Kikaletwa. Akaombwa akae. Akakaa, kwa sababu watu wote walikuwa wamekaa, na mtu aliyesimama na aproni katikati ya watu waliokaa huonekana kama aliyekuja kukusanya vyombo. Kisha akapewa jiwe.

“Sasa,” Mratibu alisema, “tushirikishe.”

Jiwe lilikuwa na joto la mikono ya watu. Mama Kinda alijikuta anaeleza. Alieleza droo, alieleza mwalimu mkuu, Jumatatu, shule ya ng'ambo ya mji, sentensi moja. Alipofika kwenye zile mara mbili ambapo mtoto aliteremsha mkono na kuongea kwa mdomo wake, aliona kalamu ya rangi ikitembea. Mratibu alikuwa anaandika. Aliandika kwenye kikaratasi cha njano, akasimama, akakibandika ukutani pamoja na vingine. Kiliandikwa: Mkono unashuka, sauti inabaki.

“Asante,” alisema, na mkono wake ulikuwa kifuani. “Asante kwa zawadi hii. Huo ndio mwisho wa mchezo tuliokuwa tukiutafuta wiki nzima.”

Wenzake wakapiga makofi ya vidole, yasiyo na sauti, kama walivyofundishwa.

“Sikuleta zawadi,” Mama Kinda alisema. “Nimekuja kuchukua soksi.”

“Naisikia hasira yako, dada, na hasira ni malighafi nzuri.” Alipinda mkono, na Kisigino akamgeukia Mama Kinda na macho yake ya plastiki. “S-s-s-samahani, m-m-mama,” Kisigino alisema, kwa sauti ya Mratibu.

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Fundi nguo alikuwa ameinamia mapaja yake. Mwanamke mtu mzima yule ndiye aliyeambiwa ang'oe vifungo, na tangu alipoving'oa alikuwa navyo mfukoni, asijue avitupe wapi.

Mama Kinda alimtazama mumewe. Viti vilikuwa mviringo kwa hiyo walitazamana uso kwa uso, hakuna wa kujificha nyuma ya mwingine. Angalau kwa hilo Duara lilikuwa na faida. Alimnyooshea jiwe. Alilishika lile jiwe hewani mpaka mkono ukaanza kumuuma, na mume akalipokea, akaliviringisha viganjani, akafungua mdomo.

“Tutazungumza nyumbani,” alisema.

Mratibu alisema hilo nalo ni jibu, na hakuna jibu baya.

Mama Kinda alipokuwa anatoka, fundi nguo alimfuata hadi ngazini, akampa vile vifungo viwili kwenye kiganja, akarudi ndani haraka kabla hajakosekana duarani.

*

Mama Kinda hakutaka kwenda kwenye onyesho. Ni bibi aliyesema waende. Alisema mtoto asiyeruhusiwa kumuaga mtu wake ataendelea kumtafuta kwenye mabegi ya watu maisha yake yote. Mtoto, aliposikia jina la Kisigino, alikwenda mwenyewe kuchukua viatu.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Familia za wasanii ziliwekwa mstari wa mbele, ili zionekane. Bibi alivaa miwani yake na nguo ya harusi za watu. Kinda alikaa kati yao, miguu haigusi chini, vifungo viwili ndani ya ngumi. Mama alimpa njiani na mtoto hakuviachia tena.

Kitambaa cheusi kilitundikwa jukwaani, na juu yake akachomoza Kisigino. Mkono uliokuwa ndani ulikuwa wa mume wa Mama Kinda. Mkewe angeutambua popote, ulikuwa mkono wenye maarifa, soksi ilivuta pumzi kabla haijageuka. Lakini sauti ilikuwa ya Mratibu, pembeni, kwenye kipaza sauti. Sauti ile ilijikwaa kila neno. Ilisema ninataka m-m-m-m-maji, ikarudia, ikaongeza, na mkono wa baba, uliozoea kungoja neno, ulilazimika kurukaruka kulifuata. Watoto ukumbini walicheka mpaka wakainama. Wazazi walicheka kwa kuwaona watoto wao wanavyocheka. Nyuma ya Mama Kinda kijana mmoja alikuwa tayari anamwiga kwa dada yake, m-m-m-m, na dada anamjibu.

Mama Kinda hakutazama jukwaani tena, alitazama uso wa mwanawe. Uso ule haukulia. Ulikuwa unalinganisha. Mtoto alilitazama jicho la kulia la plastiki, akafungua ngumi akatazama kifungo cheupe. Akalitazama la kushoto, akatazama cha kahawia. Akafunga ngumi.

Mwishoni Kisigino aliteremka taratibu nyuma ya kitambaa, na sauti ikabaki ikisema bila mkono, sasa bila kigugumizi hata kimoja, maneno marefu kuhusu dunia ambayo kila mtu anasikilizwa. Ikawa kama ilivyokuwa kwenye kikaratasi cha njano. Watu walisimama wakapiga makofi. Bibi alibaki ameketi, mikono juu ya mkoba.

Kisha Mratibu alikuja mbele na jasho la ushindi, na wasanii wakapangwa nyuma yake, mume wa Mama Kinda akiwa wa mwisho, soksi ingali mkononi. Mratibu alisema onyesho la kweli ndiyo kwanza linaanza, kwa sababu sanaa bila mazungumzo ni nusu ya sanaa. Akatoa lile jiwe mfukoni. Akaeleza kanuni. Mama mmoja mwenye kitenge cha gharama alilipokea wa kwanza na kuuliza wazo zuri hivi lilitoka wapi.

“Ah,” alisema Mratibu, akafumba macho kidogo. “Haliwezi kuwa na mwenyewe. Lilizaliwa duarani. Tulikaa, tukasikilizana, tukajifunza kila mmoja kwa mwenzake, na siku moja huyu Kisigino alikuwa katikati yetu, kama aliyetoka hewani.”

Aligeuka nusu kuelekea wenzake, wathibitishe. Fundi nguo alitazama taa. Mpiga ngoma alitazama ngoma. Mume wa Mama Kinda alikuwa ametazama chini, mstari wa mbele, na kwa kuwa kila kitu kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa na tabia ya kusema asichoweza kusema yeye, soksi ilikuwa imeinamisha kichwa.

Jiwe likaendelea. Huyu alisifu rangi, yule alisifu ujumbe. Lilipita kwa mzee mmoja aliyelipokea na kulirudisha upesi kana kwamba ni la kuuzwa. Likaja mstari wa mbele, likaingia mkononi mwa bibi, ambaye alilipima uzito na kumtazama Mratibu kipaji cha uso kwa muda usiopendeza, kisha akalipitisha. Mama Kinda alinyoosha mkono alipokee juu ya kichwa cha mtoto, amwepushe.

Mtoto alilichukua.

Alihamisha vifungo mkono wa kushoto, akalishika jiwe kwa wa kulia, akateremka kwenye kiti. Mratibu alimwona, na tabasamu lake likapanuka. Hapakuwa na kitu kizuri kwa wageni kama mtoto mdogo mwenye jiwe. Alimsogezea kipaza sauti. Alisema tunyamaze, rafiki yetu mdogo ana jambo la kushirikisha, na hakuna jambo baya.

Kinda alifungua mdomo. Neno halikuja. Ilitoka pumzi, kisha herufi moja, kisha ileile tena, na kipaza sauti kikaitawanya ukumbi mzima. Nyuma mtu alicheka kwa furaha: mtoto anamwiga Kisigino, mwangalie. Wengine wakadakia. Mratibu mwenyewe alicheka, akapiga paja, akasema mnaona, ameshajifunza.

Mama Kinda alijua kwamba akimnyakua sasa, mdomo ule utafungwa na hakuna soksi duniani itakayoufungua. Alijua pia kwamba asipomnyakua huenda ikawa vilevile. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuondoka mapajani. Akairudisha. Hakuutazama mdomo wa mtoto. Alitazama ile ngumi ndogo yenye vifungo, akangoja, kama walivyojifunza. Bibi aligeuka mzima mzima kwenye kiti, akawakabili wa nyuma kwa miwani yake, na kicheko kikaanza kufa mstari kwa mstari, mpaka akabaki Mratibu peke yake anacheka. Jukwaani, mume alikuwa amevua soksi. Alikuwa ameishika kwa ncha, imening'inia, soksi tu, akaning'inia naye pale akingoja, mdomo wazi, kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza hana cha kukichezesha.

Mtoto aliteremsha mkono wenye jiwe ubavuni, akavuta pumzi, akakiegemea kipaza sauti.

“Hiyo ni soksi ya baba.”